Wagonjwa Mia na Ishirini

Kazini wananiita Sindano. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kazi yenyewe: ua la karanga likishachavushwa hunyauka, kisha pale lilipokuwa hutoka kikonyo chembamba kinachochoma ardhi na kwenda kuzaa karanga chini, na kikonyo hicho sisi hukiita sindano. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Sibishani na upande wowote. Mimi nina hasira za karibu, na nilishaacha kujitetea.

Kazi yangu, kwenye kituo cha utafiti wa mbegu, ni kutengeneza karanga ambazo hazijawahi kuwepo. Alasiri nakaa kwenye kigoda, kibanio mkononi, natafuta kitumba cha ua kitakachofunguka kesho yake. Nakifungua taratibu, natoa sehemu zote za kiume, naacha ya kike peke yake, nakifunika. Asubuhi na mapema narudi na chavua ya mmea mwingine, naipaka, nafunga uzi ili nisisahau nani kamzalia nani. Nyuzi ananiletea mume wangu, ambaye ni fundi cherehani. Nyumbani kwetu hakitupwi kipande cha uzi hata cha urefu wa kidole. Ua moja kati ya matatu hushika, mengine huanguka, na ukikohoa vibaya unaharibu kazi ya asubuhi nzima.

Msimu ninaousimulia, nilikuwa na jambo moja tu moyoni: mbegu namba arobaini na saba ipite. Mama yake alikuwa karanga wa kukomaa mapema, mwenye kuzaa sana, lakini ugonjwa ukimgusa tu kwisha habari yake. Baba yake alikuwa sugu wa magonjwa, ila mvivu, anakaa shambani miezi mitano anakupa konzi moja. Niliwaunganisha mimi kwa mikono yangu, nikachagua watoto, nikachagua wajukuu, nikatupa maelfu. Miaka tisa. Sasa ilikuwa imefika kwenye jaribio la mwisho pamoja na mbegu nyingine kumi na moja. Kati ya hizo kumi na mbili, tatu tu ndizo zingepelekwa kwa wakulima. Na mradi uliogharamia majaribio hayo ulikuwa unafungwa mwaka uleule. Mbegu ambayo ingekosa majibu ingetiwa kwenye pakiti, ipelekwe stoo ya baridi, na mimi sijawahi kuona kitu kilichotoka stoo ya baridi.

Jaribio lenyewe lilikuwa la rozeti. Mkulima wa karanga akisikia neno hilo anatema mate. Vidukari, vile vidudu vidogo vinavyonyonya majani kwa chini, huubeba ugonjwa huo kutoka mmea hadi mmea, na mmea ukiupata ungali mdogo unadumaa, majani yanakuwa ya njano na kujikunja, na siku ya kung'oa unakuta mizizi mitupu. Sasa, huwezi kujua nani ni sugu mpaka wote waguswe na ugonjwa. Kwa hiyo katikati ya mistari ya majaribio sisi huweka mistari ya wagonjwa. Tunawalea wagonjwa kwenye mikebe ndani ya banda la wavu, wanajaa vidukari, halafu tunawapandikiza shambani makusudi, wawaambukize wenzao. Msimu ule walikuwa mia na ishirini. Niliwapandikiza mwenyewe siku ya Jumatatu, na nilipomaliza niliwatazama kwa mapenzi kabisa.

Siku ya Jumatano mama mkwe wangu aliwang'oa wote.

Alikuwa amekuja kukaa kwetu baada ya mtoto wetu wa mwisho kuondoka nyumbani. Mama yule hajui kukaa. Ukimpa kiti anakifuta, ukimpa chai anaosha kikombe kabla hajamaliza kunywa. Amelima miaka hamsini na zaidi, na kwake mtu aliyekaa bure ni mtu anayeumwa. Jumatano hiyo nilisahau miwani yangu nyumbani, naye akaniletea kazini kwa miguu. Mimi nilikuwa kwenye kikao. Mlinzi akamwambia, "Mama, shamba la mkwe wako ni lile pale, msubiri." Akaenda kunisubiri.

Nilipotoka kwenye kikao niliona moshi nyuma ya banda. Nikamkuta mama mkwe ananawa mikono bombani, kanga imefungwa kiunoni, uso unang'aa kwa kuridhika.

"Mkwe wangu," akaniambia, "pole. Shamba lako lilikuwa limeingiliwa, na wewe una kazi nyingi, wala hujaona. Nimekusafishia. Sijaacha hata mmoja. Nimewachoma moto kabisa, maana ukiwatupa tu, wale wadudu wanarudi."

Mungu shahidi yangu, alifanya kama anavyofanya kila mkulima mwenye akili. Ng'oa, ondoa, choma. Hata sisi wenyewe tumeyaandika hayo kwenye vipeperushi tunavyowagawia watu. Ni sehemu moja tu ambapo kufanya hivyo ni balaa, na ndipo alipokuwa amesimama.

Angekuwa mtu mwingine, mji mzima ungenisikia. Lakini mama mkwe utamwambia nini? Nilisema, "Ahsante, Mama." Nikapokea miwani. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikakaa juu ya magunia nikauma ukosi wa gauni langu mpaka meno yakauma. Halafu nikaenda kwa Daktari.

Daktari ndiye mkuu wetu. Si wa kutibu watu, ni wa mbegu. Ni mtu mpole, anayesema polepole, na kadiri habari inavyokuwa mbaya ndivyo anavyopunguza sauti. Siku ile sikumsikia kabisa, ikabidi niiname.

"Banda la wavu wamebaki wangapi?" akauliza.

"Saba."

"Na mimea ya majaribio ina siku ngapi?"

"Kumi na nane."

Akatazama kalenda ya ukutani. "Ikifika siku ishirini na sita hivi imeshakomaa mwili. Ugonjwa ukija baada ya hapo hata dhaifu atavumilia, na hatutajua nani ni nani. Tuna siku nane, Sindano. Kulea wagonjwa wapya ni wiki tano." Akavua kofia yake, akaiweka mezani. "Labda tukubali tu. Hizi mbegu ziingie stoo."

"Haziingii," nikasema.

"Unao mpango?"

Sikuwa nao. Nilisema tu kwa sababu ya hasira. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikawaza: wagonjwa hawapo kwetu, lakini duniani wamejaa. Mvua zilikuwa zimechelewa msimu ule, vidukari vilikuwa vingi, na huko kwa wakulima mashamba yalikuwa yanalia. Kilichotakiwa ni kwenda kuwaomba.

Jioni mume wangu alimweleza mama yake kilichotokea. Mimi nilikuwa jikoni, najifanya nasugua sufuria. Nilisikia sauti ya mama mkwe: "Yaani walikuwa wamewapanda wale wagonjwa? Makusudi?" Mume wangu akasema ndiyo. "Na wewe mwanangu ulijua?" Akasema alijua kidogo. "Ukashindwa kuniambia! Mtu mzima na cherehani yako!"

Kesho yake alfajiri, nilipotoka na ndoo, koleo na mikebe mitupu, nilimkuta amekaa mlangoni amevaa viatu vya shamba.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Uendako."

"Pumzika, Mama. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayazoleki, lakini kisima kipo," akasema, akachukua ndoo mkononi mwangu.

Basi tukaenda. Daktari alitupa pikapu ya kituo na dereva wake, mtu mcheshi kupita kiasi. Shamba la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwenye ekari mbili za karanga, na nusu yake ilikuwa imeshadumaa. Nikamsalimu vizuri, nikamwambia tunatafuta karanga wagonjwa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Kwenu magonjwa yamekwisha?"

"Yamekwisha, Baba."

"Basi leteni dawa mliyotumia, si mje kuniomba ugonjwa. Au mmekuja kunipima kama mimi ni mvivu? Shamba langu nimepalilia mara mbili!" Sauti ikaanza kupanda. Mimi nami damu ikaanza kuchemka, nikafungua mdomo, na kama ningesema nililotaka kusema, tungefukuzwa na mbwa. Mama mkwe akapita mbele yangu.

"Ndugu yangu," akamwambia, "tatizo ni mimi." Akamsimulia yote. Jinsi alivyoingia shamba la watu, alivyong'oa mia na ishirini, alivyochoma, alivyojisifu. Hakuacha kitu, hata lile la kunawa mikono. Mwishowe akasema, "Sasa mkwe wangu ananiheshimu, hawezi kunitukana. Anakula nguo zake. Nisaidie nirudishe nilichoharibu, mtoto wa watu asije akabaki uchi."

Mzee alicheka mpaka akashika jembe asianguke. Akamwita mkewe aje asikie, ikabidi mama mkwe asimulie tena, na safari hii aliongeza chumvi. Tukatoka pale na wagonjwa thelathini na wanne.

"Mama," nikamwambia garini, "ulijuaje kuhusu nguo?"

"Ukosi wako ulidhani nitasema umetafunwa na panya?"

Huwezi kung'oa tu. Unachimba na udongo wake, unatia kwenye mkebe, unageuza jani uhakikishe vidukari vipo hai, na usitikise, maana vikianguka umebeba majani matupu. Nilimwonyesha mara moja tu. Mikono yake ilikuwa inajua udongo kuliko yangu. Kilichonishinda ni dereva, aliyezoea kuruka matuta. Mama mkwe akagonga dirisha la nyuma: "Wewe! Endesha taratibu, umebeba wagonjwa!" Dereva akawasha taa za hatari na kuendesha mwendo wa jeneza hadi kituoni, watu wa njiani wanasogea pembeni na kuvua kofia.

Siku ya pili tulizunguka mashamba manne tukapata thelathini na tisa. Siku hiyo ndiyo hasira ilinitoka. Tulikuwa tumekaa chini, ubavuni mwa pikapu, tunakula mkate, nami nilikuwa nimechoka, jua limenipiga, nikahesabu tulichopata nikaona hakitoshi. Nikasema, "Mama, miaka tisa! Miaka tisa nimeinama juu ya maua, mgongo umekwisha, macho yamekwisha, na kazi yote imeingia moto kwa saa mbili!" Nikaanza kulia. Sikupanga kulia mbele ya mama mkwe wangu.

Hakunibembeleza. Alimalizia mkate wake kwanza.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hiyo, watu wakiniuliza mke wa mwanao anafanya kazi gani, nilikuwa nawaambia anatazama maua. Ndivyo mume wako alivyonieleza. Mimi nikajua ni bustani ya mkubwa fulani. Ungenikalisha siku moja ukanionyesha, nisingegusa hata jani."

Lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mimi ni mwepesi wa kusema kila kitu isipokuwa kazi yangu. Nilikuwa nimejijengea imani kwamba watu hawataelewa, kwa hiyo sikumweleza mtu. Basi pale pale nikamweleza. Nikachuma ua la karanga shambani kwa watu, nikalipasua kwa kucha, nikamwonyesha ya kiume na ya kike, na uzi unapofungwa.

"Kwa hiyo wewe ni mshenga," akasema.

"Mshenga, na mkunga, na mlezi."

"Na hakuna anayekuletea hata zawadi ya leso." Akatikisa kichwa. "Haya, inuka. Tumebakiza wangapi?"

Tulikuwa tumebakiza arobaini, ukiweka na wale saba wa banda la wavu. Hao tuliwapata siku ya tatu, wote kwa mwanamke mmoja mwenye shamba bondeni. Shamba lake lilikuwa limekufa lote. Hakutuuliza maswali mengi. Alitusaidia kuchimba, na tulipomaliza akasimama mikono kiunoni, akaniambia, "Hiyo mbegu mnayoipima, ikifaulu, nitaipata?" Nikamwambia ikifaulu nitamwita mwenyewe aje aione. Akasema, "Haya. Chukua na hawa wawili wa akiba."

Tulipandikiza siku ya ishirini na mbili. Mama mkwe alishika kamba, mimi nikachimba mashimo, na Daktari mwenyewe akabeba maji. Mlinzi aliagizwa kwamba hata akija malaika na jembe, asimfungulie.

Baada ya hapo hakukuwa na kazi ila kungoja. Wiki ya tatu njano ya kwanza ilijitokeza kwenye mbegu namba kumi na moja, halafu kwenye mbegu ya zamani inayopandwa kila mahali, ambayo huiweka kando kwa kulinganishia, halafu ikatapakaa. Kila asubuhi nilipita mstari kwa mstari na karatasi yangu. Nilikuwa mtu pekee katika eneo lile lote aliyefurahi kuona karanga zinaugua. Na kila asubuhi niliacha arobaini na saba iwe ya mwisho, kwa woga.

Siku ya kuhesabu rasmi tulihesabu mimi na Daktari, kila mtu peke yake, kisha tukalinganisha. Mbegu ya zamani: mimea sitini, wagonjwa hamsini na watatu. Namba ishirini na mbili: wagonjwa thelathini na mmoja. Arobaini na saba: wagonjwa wanne.

"Wanne," akasema Daktari, na safari hii sauti yake ilisikika mpaka bombani.

Nilirudia kuhesabu. Wanne. Kushoto njano, kulia njano, na katikati mstari mmoja umesimama kijani, majani yametanda, kama hauna habari na kinachoendelea mtaani. Nilifurahi, nikakaa chini kwenye tuta. Nilikuwa na miaka hamsini na nne, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi vile, ukiondoa za kuzaa.

Ila bado kulikuwa na kura. Mbegu haipiti kwa kuwa imetupendeza sisi. Baada ya kuvuna, wakulima thelathini huitwa, wanaonyeshwa marundo kumi na mawili bila kuambiwa majibu yetu. Wanashika, wanamenya, wanatafuna, wanauliza miezi ya kukomaa. Kila mmoja anapewa punje tatu za mahindi, na mbele ya kila rundo kuna kopo lenye tundu. Tia punje kwenye makopo matatu unayoyataka. Zile tatu zenye punje nyingi, kama hazikuanguka kabisa kwa ugonjwa, ndizo zinazokwenda.

Mama mkwe aliitwa kama mkulima, na ni mkulima. Nilimwona akipita polepole, anakaa mbele ya kila rundo, anamenya, anatia mdomoni, anafikiri. Yule mwanamke wa bondeni naye alikuja. Nilikuwa nimemwita kama nilivyoahidi. Mimi sikuruhusiwa kusogea. Nilisimama mlangoni mwa stoo nikijifanya nafunga magunia ambayo yalikuwa yameshafungwa.

Daktari alimwaga makopo mezani moja moja. Namba tano, punje ishirini na tatu. Thelathini na moja, punje kumi na saba. Halafu akahesabu arobaini na saba: kumi na nne. Likabaki kopo moja lenye uzito. La namba ishirini na mbili. Alihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nami nikahesabu naye kwa midomo. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Akageuza kopo, akaligonga chini. Hakikutoka kitu.

Arobaini na saba ilipita kwa punje mbili. Watu walinipigia makofi, yule mwanamke wa bondeni akanikumbatia akaninyanyua, dereva akapiga honi. Miaka tisa, jamani. Nilicheka na kila mtu.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshika mkono wa mama mkwe, natembea kama bibi harusi. Nikamwuliza, kwa utani tu, "Mama, na zako ulitia wapi?"

"Tano," akasema. "Thelathini na moja. Na ishirini na mbili."

Nikasimama. "Na arobaini na saba?"

"Hapana."

"Hapana?" Nikauachia mkono wake. "Mama! Ungekuwepo mwingine mmoja mwenye mawazo kama yako, tungelingana! Wawili tu wangegeuka, ningezikwa! Tumezunguka siku tatu juani kuitafutia wagonjwa, umepandikiza mwenyewe, halafu unampa kura aliyenifukuza nyuma? Kwa nini?"

"Kwa sababu ya dole gumba," akasema.

Akaliinua mbele ya macho yangu. Lilikuwa limevimba, jekundu pembeni ya ukucha.

"Ganda lake gumu, mwanangu. Umeshawahi kuimenya?"

"Nimeimenya miaka tisa!"

"Ngapi kwa siku moja?"

Nikafikiri. "Kumi. Ishirini. Za kupimia."

"Mimi leo nilimenya bakuli, maana nilitaka ishinde, nikasema niijue vizuri nipate la kuwaambia wenzangu. Nikashindwa. Karanga gunia zima nyumbani inamenywa na nani? Si Daktari. Inamenywa na mwanamke, baada ya kazi zake zote, na watoto wake wa kike." Akashusha mkono. "Wengine waliipenda kwa kuwa ilijaza rundo, sawa, imepita, na mimi nimefurahi kwa ajili yako, sikufichi. Lakini nikiulizwa nasema ninachokijua. Ningekudanganya, ungenishukuru kwa lipi?"

Nilitembea mbele yake hadi nyumbani, na ninajua nilitembea kwa kishindo.

Nilipofika nilichukua mfuko wa mabaki ya rundo la arobaini na saba tuliyoruhusiwa kuondoka nayo, nikamwaga kwenye bakuli, nikakaa sebuleni kumenya. Nilitaka kumwonyesha. Mume wangu akakaa kunisaidia; baada ya kumi na tano akaanza kutumia meno, baada ya thelathini akakumbuka kwamba kuna suruali ya mteja haijapindwa. Mimi niliendelea. Robo bakuli nilikuwa mzima. Nusu bakuli dole lilianza kuwaka. Kabla sijafika robo tatu nilikuwa namenya kwa kidole cha kati, na nilikuwa nimeacha kukasirika, kwa sababu mtu hawezi kukasirikia ganda. Miaka tisa nilipima ugonjwa, mavuno, mafuta, siku za kukomaa. Kitabu changu kina safu kumi na mbili za kujaza, na hakuna hata moja ya dole gumba.

Mama mkwe alikuja akakaa upande wa pili wa bakuli. Tukamaliza pamoja.

Asubuhi niliwahi kazini. Daktari alikuwa anafunga pakiti za stoo ya baridi, zile tisa zilizoshindwa. Nikamwambia anipe ishirini na mbili kabla hajaifunga.

"Ya nini? Nusu yake iliugua."

"Ganda lake linafunguka lenyewe. Nataka kuizalisha na arobaini na saba."

Akaweka pakiti chini. "Sindano, umepita jana. Pumzika kidogo. Isitoshe, umebakiza miaka sita ustaafu. Ile ilikuchukua tisa. Hii hutaiona ikitoka."

"Ni kweli," nikasema. "Hata hii iliyopita jana, si mimi nitakayeimenya."

Alinitazama, akatazama dole langu nililolifunga kitambaa, akanipa pakiti. Nikaenda banda la wavu, nikajaza udongo mikebe ishirini, kumi kwa kila mzazi, nikapanda mbegu mbilimbili, nikamwagilia.